Kisanduku Kilichorukwa

Nyumbani walimwita Fundi tangu alipokuwa na miaka tisa, siku aliyoifungua redio ya baba yake yote, akairudisha, ikaimba, na mkononi ikabaki skrubu moja ambayo mpaka leo hakuna ajuaye ilitoka wapi. Alipokua jina lilimkaa vizuri. Kazi yake ilikuwa kuandika kiini cha mfumo wa kompyuta, ile sehemu ya ndani kabisa ambayo mtumiaji haioni, inayosimama kati ya programu na mitambo. Programu ikihitaji chochote, sharti ikiombe kiini. Kiini kikikataa, hakuna pa kukata rufaa.

Katika kiini hicho, ambacho mamia ya watu wa nchi mbalimbali walikiandika pamoja kwa barua pepe bila kuonana, Fundi alikabidhiwa sehemu ndogo: mahandaki. Handaki ni kadi ya mtandao ya kubuni. Haipo, huwezi kuishika, lakini kompyuta inaiona kama ipo. Unachokitia upande huu kinatokea upande wa pili, hata kama kati yao kuna miji mitatu na nyaya za makampuni manne. Na ukitaka, unaliagiza handaki lifunge kwa ufunguo kila kinachopita, ili aliye njiani akichungulia asiambulie kitu.

Swali lililomkalisha miezi mingi ni hili: programu itaongea vipi na kiini inapotaka handaki? Aliamua itume fomu. Fomu ina visanduku: mwisho wa handaki uko wapi, mzigo mmoja usizidi ukubwa gani, handaki liitwe nani. Visanduku vingine vingeongezwa baadaye, maana hakuna ajuaye watu watataka nini mwaka kesho. Hapo ndipo lilipozuka swali jingine, dogo kwa kulitazama. Kiini cha zamani kikiletewa fomu mpya, kikakuta kisanduku kisichokijua, kifanye nini?

Fundi alisema kikiruke. Kisome visanduku kinavyovijua, kitengeneze handaki, kijibu "sawa". Mashine za zamani zilikuwa nyingi mno, na hakutaka programu mpya zife juu yao kwa sababu ya kisanduku kimoja.

Katika wale waandishi alikuwepo mmoja waliyemtania kwa jina la Bwana Hapana, kwa kuwa barua zake zote zilianza na neno hilo. Akaandika: "Hapana. Nikikutuma dukani uniletee sabuni na dawa, ukarudi na sabuni peke yake ukaniambia tayari, hujaniletea pungufu. Umenidanganya. Kiini kisichoelewa kiseme hakijaelewa."

Fundi akamjibu: "Bwana, kwa utaratibu wako tutakaa tunakataliana mpaka kompyuta ziote mvi."

Watu walicheka. Barua mbili tatu zilikuja za kuchombeza utani ule. Mkubwa wao, mwenye neno la mwisho juu ya kinachoingia katika kiini na kinachoachwa, aliipitisha kazi ya Fundi bila kugusa hata nukta. Bwana Hapana alituma mstari mmoja tu: "Nimesema yangu."

Ilikuwa mistari saba. Juu yake Fundi aliandika maelezo kwa ajili ya watakaokuja kusoma: tusichokijua tunakipita. Kisanduku cha siri, kile cha kuagiza mzigo ufungwe kwa ufunguo, kiliongezwa miezi kumi na moja baadaye. Nacho alikiandika yeye.

*

Fundi alikuwa na mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, na kwa hiyo wote walimwita Kitinda. Kitinda aliolewa na mtu wa kampuni ya intaneti, mpole mbele za watu, mwenye ngazi juu ya gari na mkoba wa vifaa kiunoni. Mwaka wa harusi, shemeji huyo alimvutia mama mkwe wake laini ya intaneti kwa mikono yake mwenyewe, akazipigilia nyaya ukutani zikanyooka kama zimechorwa kwa rula. Mama akamsifu mtaa mzima.

Ndoa ilipofika mwaka wa pili Kitinda akawa mtu wa kujigonga. Leo mlango, kesho kabati. Mara ya tatu ilikuwa mfupa wa bega, na daktari aliyemfunga hakuuliza lolote, alimwandikia tu namba ya simu nyuma ya karatasi ya dawa. Namba ilikuwa ya muuguzi mstaafu mwenye miaka sitini na moja, ambaye yeye na rafiki zake wawili walipanga nyumba ya kuwahifadhi wanawake waliokimbia waume zao. Wanawake wale walimwita Mlezi. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna anayemtajia mtu yeyote nyumba ilipo, hata mama mzazi, na simu za zamani zinazimwa.

Kitinda alitii. Wiki tatu zikapita. Mama, ambaye tayari alikuwa na presha, akawa anaacha sahani kama ilivyowekwa.

"Sitaki kujua aliko," alimwambia Fundi. "Nataka sauti yake tu. Nikisikia anapumua inatosha."

"Nitawaunganisha, Mama."

Na kwa kweli hakukuwa na mtu aliyefaa zaidi kwa kazi hiyo. Fundi alitengeneza laini yao ya simu ya ndani, isiyopita kwenye namba yoyote. Ruta moja, yaani kompyuta ndogo ya kugawia intaneti, yenye kiini chake ndani, ikae kwa Mama, nyingine kwa Mlezi, na mashine ya Fundi iwe katikati, handaki likielekea kila upande. Sauti yenyewe hakuifunga, maana handaki ndilo lingeifunga. Ruta ya kwa Mlezi ilikuwa mpya. Walikutana kwenye kituo cha mafuta, Mlezi akaitia kwenye kikapu chini ya khanga, akaondoka bila kusema anaelekea wapi. Ya kwa Mama ilikuwa ile iliyolala kabatini kwa Fundi miaka mitano. Ilifanya kazi, kwa nini itupwe?

Alikaa sakafuni nyuma ya runinga ya Mama, kompyuta magotini, akaandika agizo. Akajaza kisanduku cha siri. Kiini kikajibu: sawa.

Kwa kawaida yake, kila alipomaliza handaki alichukua programu nyingine, akachungulia waya kuona kinachopita ni nini hasa. Siku hiyo alikuwa ameshaifungua. Lakini kabla hajaiwasha, kipaza sauti juu ya meza kikakohoa, na Kitinda akasema, "Mama?"

Mama alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Fundi aliifunga kompyuta, akaondoka chumbani kuwapisha.

*

Wakawa wanaongea kila siku saa kumi alasiri. Kitinda hakuvunja sharti. Hakutaja mtaa, hakutaja barabara. Lakini mtu na mama yake wakiongea kila siku, watakosa nini cha kusema? Mama aliuliza analala vizuri, Kitinda akasema atalalaje na kiwanda cha mbao ukuta kwa ukuta, mpaka ndotoni anasikia msumeno. Mama aliuliza anaona nini dirishani, akasema tangi la maji la buluu, mguu mmoja umepinda, kila siku wanaweka dau litaanguka lini. Siku nyingine alilalamika juu ya bata wa jirani. Walicheka. Mama alianza kula.

Siku ya ishirini ilikuwa Jumanne. Saa nne asubuhi mtu aliyevaa sare ya kampuni ya intaneti alibisha hodi kwa Mlezi, mkoba kiunoni, akasema ametumwa kukagua laini. Mlezi hakuwa ameripoti hitilafu yoyote. Alimwambia asubiri apige simu ofisini, akakomea komeo. Kitinda, aliyekuwa koridoni na ndoo ya kupigia deki, aliisikia ile sauti, na ndoo ikamwanguka.

Mlezi hakuhitaji kuambiwa. "Tokeni kwa nyuma," alisema, na mwenzao mmoja alisimulia baadaye kwamba hakupaza sauti hata kidogo, kama anayewaambia chakula tayari. Kisha akauegemea mlango kwa mgongo wake wote.

Mlango ulichukua dakika nne kuvunjika. Wanawake watano waliruka ukuta wa nyuma. Kitinda alitua vibaya, akavunjika kifundo cha mguu, akatambaa mpaka kwenye maranda ya kiwanda cha mbao. Wafanyakazi wa kiwanda walimkamata yule bwana barabarani, nyundo mkononi, na hakushindana nao. Mlezi alikata roho kwenye gari kabla ya kufika hospitali.

Polisi walimuuliza aliijuaje nyumba. Hakujibu siku hiyo, wala wiki hiyo.

*

Kwa kuwa hakusema, watu walijijibu wenyewe.

"Niliongea na nani mimi?" Kitinda alimwambia Fundi, amelazwa, mguu umening'inizwa. "Na Mama. Wewe hukujua nilipo. Wenzangu wasingejiuza. Nani kabaki?"

"Mama hakujua mtaa wako."

"Alijua tangi. Alijua kiwanda. Mama na mdomo wake, na majirani zake."

Akakataa kumwona. Mama alikuja hata hivyo, akaketi kwenye benchi la koridoni na mfuko wa nguo safi, saa mbili nzima, akaondoka nao.

"Sijasema," alimwambia Fundi njiani. Siku mbili baadaye alisema, "Yule jirani aliniuliza Kitinda anaendeleaje. Nilimwambia hajambo. Nadhani niliishia hapo." Na siku ya tano: "Labda nilimtajia na bata. Kichwa changu hakishiki siku hizi. Nitakuwa nilisema."

Fundi alienda kuing'oa ile ruta. Hakuwa na shaka yoyote. Ni vile tu chombo kisichotumika kisiachwe kinawaka. Lakini mkono una mazoea yake. Aliwasha ile programu ya kuchungulia waya, akapiga simu kutoka kwenye simu yake hadi kwenye kipaza sauti cha Mama, ajiridhishe kwamba kinachopita hakisomeki. Kilisomeka. Aliirudisha ile rekodi masikioni, akajisikia mwenyewe akisema "halo, halo", na kwa mbali Mama akikung'uta ufagio.

Alikiomba kiini kimwonyeshe mipangilio ya handaki. Mwisho wake, ukubwa wa mzigo, jina. Kisanduku cha siri hakikuwepo. Alitazama toleo la kiini. Lilikuwa limekitangulia kisanduku cha siri kwa miezi kumi na moja. Liliipokea fomu, likasoma linachokijua, na lisichokijua likakipita, kama alivyolifundisha.

Na laini ile ilivutwa na nani? Alizitazama nyaya ukutani, zimenyooka kwa rula. Shemeji hakuhitaji jirani. Alikaa kazini kwake, akaigeuzia laini ya mama mkwe wake kwenye kompyuta yake, akasikiliza siku kumi na tisa.

"Imeharibika?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Hapana, Mama. Inafanya kazi."

Aliirudisha nyumbani ndani ya mkoba. Akakaa kimya.

Baadaye aliulizwa kwa nini. Alisema alitaka kuhakikisha. Lakini alishahakikisha. Ukweli ni kwamba katika familia ile hakuna mwingine ambaye angeweza kuisoma ruta ile, na kila asubuhi alipoamka jambo lilikuwa bado linajulikana na mtu mmoja, na siku moja zaidi haikuonekana nyingi. Siku zikawa tisa.

Siku ya tisa ilikuwa ya mazishi, maana polisi walichelewa kuutoa mwili. Mama alivaa gauni lake jeusi, akamwomba Fundi amsindikize. Makaburini, watu walipoanza kutawanyika, alimfuata mume wa Mlezi, mzee mrefu aliyeshika kofia kwa mikono miwili, na kabla Fundi hajatambua anachokusudia, Mama alikuwa amepiga magoti kwenye udongo ule mbichi.

"Ni mimi," alisema. "Mdomo wangu. Nisamehe, baba."

Mzee alimwinamia, akamshika kiwiko. "Inuka, mama. Inuka. Hukuja na nyundo wewe."

Fundi alikuwa ameshika mkono wa pili wa mama yake. Alimsaidia kuinuka. Alimpangusa udongo magotini.

Alisema walipofika nyumbani, Mama akiwa bado hajavua viatu. Alisimulia yote kwa mfululizo, bila kujipamba: fomu, visanduku, ruta ya zamani, nyaya za shemeji. Mama hakuelewa fomu wala visanduku. Alielewa la kuelewa.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, Mama."

"Sikusema kwa jirani."

"Hukusema."

Mama alivua kiatu kimoja, akakaa nacho mapajani. "Na kule makaburini. Nilipokuwa chini pale. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mama alimtazama kama mtu anayetafuta sura ya ndugu katika picha ya watu wengi. Kisha akasema, "Nenda kamwambie mdogo wako. Leo hii. Usiniletee hata maji, nenda."

Kitinda alisikiliza akiwa ameegemea mto. Alikuwa mwepesi wa akili kuliko Mama katika mambo haya, akauliza maswali mawili matatu mpaka akaiona picha yote.

"Hicho kitu kiliniambia nimefichwa, na hakikujua kuficha ni nini."

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyekifundisha."

"Ndiyo."

"Kuna aliyekwambia ni kosa?"

Fundi angeweza kusema hapana. Nani angeenda kutafuta barua za miaka ile? "Yupo mmoja alisema."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimfanyia utani."

Kitinda aligeuza uso ukutani. Muuguzi alipita na kitoroli cha dawa, akaenda zake. "Niitie Mama," alisema, bila kugeuka.

*

Fundi alipeleka ruta na rekodi kwa wapelelezi, nao wakajua wapi pa kutafuta. Kwenye kompyuta ya kazini ya shemeji walikuta mazungumzo yote kumi na tisa, yamepangwa kwa tarehe. Hakimu aliyasikiliza mawili, akasema yanatosha. Shemeji akafungwa maisha.

Kwa wenzake wa kiini Fundi aliandika barua fupi. Alieleza kosa, akataja mistari saba ni ya nani, akaongeza: "Mtu mmoja amekufa. Nilionywa hapa hapa." Kisha akaomba mapendekezo. Kulirekebisha agizo la zamani kusingesaidia, kwa kuwa viini vya zamani vilikwisha sambaa na haviwezi kurudishwa shule. Hilo yeye mwenyewe hakuwa na dawa yake. Dawa ilitoka kwa Bwana Hapana, katika barua ndefu isiyotaja yaliyopita hata kwa kidokezo: liundwe agizo jipya kabisa, kwa jina jipya. Kiini kipya kikilipokea kikague kila kisanduku na kukataa kisichokijua. Kiini cha zamani, kwa kuwa hakilijui agizo lenyewe, kitalikataa lote. Hakuna mahali pa kujibu sawa kwa makosa.

Ilikuwa kazi ya wiki mbili, ikachukua miezi mitano. Wako waliolalamika kwamba programu zao zingehitaji kuandikwa upya. Mmoja aliandika kwamba kiini cha dunia nzima hakiwezi kupindwa kwa sababu ya msiba wa familia moja, na hakuna aliyemkemea. Mkubwa aliahirisha mara mbili. Fundi alijibu kila barua, kwa adabu, bila mzaha, na ilipoingia hatimaye hakuna aliyemtumia pongezi, na yeye hakuzitarajia.

Ruta za zamani ziko ngapi nyuma ya runinga za watu, hakuna anayejua. Programu nyingi mpaka sasa zinatuma fomu ile ya kwanza.

Alienda pia kwa mume wa Mlezi, akiona ni haki mzee ayasikie kutoka kwake mwenyewe. Mzee hakumkaribisha ndani. Alimsikiliza getini, akamwomba arudie taratibu, kwa kuwa yeye kompyuta hazijui. Fundi akarudia. Mzee akamwomba tena. Mara ya tatu mzee alitikisa kichwa.

"Mwanangu, nimejaribu kukuelewa," alisema. "Hicho kisanduku chako sijakiona. Mimi niliyemwona ni yule kijana, pale mahakamani. Nikianza kugawa lawama hii vipande vipande sitalala tena. Nenda tu." Akafunga geti, si kwa kishindo.

Mguu wa Kitinda ulipopona, Mama aliuza vyombo vyake akahama naye mji. Hawakumwambia Fundi ni mji gani. Mama humpigia mara moja kwa mwezi, namba imefichwa, mazungumzo mafupi: presha imeshuka, mdogo wako kapata kazi, wewe unakula? Fundi anajibu anakula. Akiuliza kama anaweza kumsalimia Kitinda, Mama husema yuko kazini, ingawa mara nyingine ni Jumapili, na nyuma ya sauti ya Mama kuna mtu anafungua bomba na kuosha vyombo.